Yohane Bosco na Watoto wa Torino

Mtakatifu Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Alikuwa hajatimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma, lakini aliwafundisha wanawe sala na kazi. Yohane alichunga ng'ombe, akajifunza kutembea juu ya kamba; na watoto wenzake walipokuja kumtazama, kwanza aliwasalisha rozari.

Mwaka 1832, akiwa mwanafunzi mjini Chieri, aliunda na wenzake chama cha furaha. Walikubaliana kuepuka kila jambo lisilomfaa Mkristu, na kutimiza wajibu wao wa shule na wa dini kwa moyo mchangamfu.

Alipata upadri mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Padri Giuseppe Cafasso alimpeleka kuwatazama wafungwa, naye akaona gerezani vijana wengi. Walifunguliwa, kisha wakarudishwa, kwa maana huko nje hawakuwa na mtu wa kuwatunza. Jambo hilo lilimchoma moyo. Akaanza kuwakusanya vijana siku za Dominika, akawafundisha katekisimu na kucheza nao. Wakati wa Pasaka 1846 alipata banda mahali paitwapo Valdocco. Mama yake akaja kukaa naye, akawa mama wa wote. Walimu walikuwa wachache. Basi Yohane aliwafundisha vijana wakubwa, nao wakawafundisha wadogo.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Torino. Watu walikimbia, wagonjwa wakaachwa peke yao. Yohane aliwauliza vijana wake ni nani atakayekwenda kuwauguza. Wakajitoa 44. Walinawa mikono kwa siki, wakaingia nyumba kwa nyumba. Mama Margherita alitoa mashuka yake. Yalipokwisha, akatoa hata kitambaa cha altare. Wala hakuna kijana hata mmoja kati yao aliyeugua.

Mwaka huohuo alifika mtoto mmoja, Domenico Savio. Mwaka 1856 yeye na rafiki zake waliunda chama cha Bikira Maria Mkingiwa. Kila mmoja alikabidhiwa mwenzake mgeni au mkaidi, amfanye rafiki na kumwongoza. Domenico alifariki mwaka 1857, bado hajafikisha miaka 15; lakini tarehe 18 Desemba 1859, Yohane alipoanzisha shirika la Wasalesiani, wengi wa wale wa kwanza walitoka katika chama kile cha watoto.

Yohane Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934. Wanawe walifika Kongo mwaka 1911, katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi.

Enyi wakatekumeni, msidhani kwamba anayejifunza bado hawezi kusaidia. Anayejua sala moja na amfundishe asiyeijua. Na mtoto akija kwenye mafundisho mara ya kwanza, akasimama peke yake mlangoni, mmoja wenu na amwendee, aketi naye.