Tom Simpson: Bingwa wa Dunia na Kivuli cha Dawa za Kuongeza Nguvu

Kila mwaka msimu wa mbio za baiskeli barani Ulaya unapoelekea ukingoni, swali lile lile hurudi: huyu aliyekuwa hoi mwezi Julai amezipata wapi nguvu za kushinda mwezi Septemba na Oktoba? Wapo wanaosifu, na wapo wanaonong’ona kuhusu dawa. Ili tulitazame swali hili kwa haki, tunawaletea maisha ya Mwingereza Tom Simpson, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 29.

Tom Simpson alizaliwa tarehe 30 Novemba 1937 katika kijiji cha Haswell, Durham, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia ilihamia Harworth, kijiji kingine cha wachimba makaa, na huko ndiko kijana huyo alikoanza kushindana kwa baiskeli. Mwaka 1956, katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, alipata medali ya shaba pamoja na wenzake wa timu ya Uingereza katika mbio za uwanjani.

Mwaka 1959 alivuka bahari kwenda Bretagne, Ufaransa, akiwa na akiba ndogo na matumaini makubwa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa tayari mwendesha baiskeli wa kulipwa. Baadaye aliweka makazi yake Ghent, Ubelgiji, pamoja na mkewe Helen, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Mwaka 1961 alishinda mbio za Flanders. Mwaka 1962 akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France, ingawa aliivaa siku moja tu, akamaliza mashindano hayo katika nafasi ya sita. Mwaka 1964 alishinda mbio za Milano hadi San Remo.

Kilele cha maisha yake ya michezo kilikuwa mwaka 1965, na hapa ndipo swali letu linapopata uzito. Mwezi Julai mwaka huo alianguka katika Tour de France, jeraha la mkononi likaingia uchafu na sumu ikaenea katika damu. Aliondolewa mashindanoni siku chache kabla ya kufika Paris, akalazwa na kufanyiwa upasuaji wa mkono. Tarehe 5 Septemba, huko San Sebastián, Hispania, alimshinda Mjerumani Rudi Altig katika mita za mwisho na kuwa bingwa wa dunia. Mwezi Oktoba, akiwa amevaa jezi ya bingwa yenye rangi za upinde wa mvua, alishinda pia mbio za Lombardia nchini Italia, zinazofunga msimu. Mbio hizo zinajulikana kwa kilima cha Ghisallo, penye kikanisa cha Bikira Maria ambaye Papa Pio XII, mwaka 1949, alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli.

Je, mgonjwa wa Julai alipataje kuwa bingwa wa Septemba? Maelezo ya haki yapo. Wakati wenzake wakiendelea kujichosha, yeye alilazimika kupumzika, na mwili uliopumzika kisha ukarudishwa mazoezini kwa utaratibu hurudi na nguvu mpya, hasa pale ambapo wengine wamekwisha kuchoka. Nguvu za mwisho wa msimu, peke yake, si ushahidi wa hatia ya mtu yeyote.

Hata hivyo, hatuwezi kuufumbia macho upande wa pili. Katika miaka hiyo amfetamini ilikuwa imeenea sana miongoni mwa waendesha baiskeli wa kulipwa. Ufaransa ilitunga sheria dhidi ya dawa hizo mwaka 1965, na wapimaji walipofika katika Tour de France ya mwaka 1966, waendeshaji waligoma. Dawa hiyo haimwongezei mtu akiba ya nguvu. Humfunga masikio asiusikie mwili unapolalamika, moyo ukaenda mbio na joto likapanda, naye akaendelea pale ambapo alipaswa kusimama.

Tarehe 13 Julai 1967, katika hatua ya 13 ya Tour de France, kutoka Marseille hadi Carpentras, waendeshaji walipanda Mlima Ventoux, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,900, chini ya jua kali. Simpson alikuwa ameugua tumbo siku zilizotangulia, lakini alihitaji matokeo mazuri ili apate mkataba bora. Zikiwa zimesalia takribani kilomita moja na nusu kufika kileleni, alianza kuyumba, akaanguka, akasaidiwa kupanda tena baiskeli, kisha akaanguka tena. Helikopta ilimpeleka hospitali ya Avignon, na huko ikathibitishwa kwamba amefariki. Amfetamini ilikutwa mfukoni mwake na mwilini mwake, pamoja na pombe. Joto, kupungukiwa maji na uchovu vikakamilisha msiba. Kesho yake wenzake walimwachia Mwingereza Barry Hoban atangulie kufika, kwa heshima ya marehemu. Simpson alizikwa Harworth. Mwaka uliofuata upimaji wa dawa uliingia pia katika Michezo ya Olimpiki.

Wapendwa, dawa ilimnyang’anya Simpson uhai, ikawanyang’anya mkewe mume na mabinti wadogo baba. Ilimnyang’anya pia kitu kingine: ushindi wake wa San Sebastián na Lombardia, ambao huenda aliupata kwa jasho halali, leo hauna wa kuutetea kwa uhakika, na marehemu hawezi kujitetea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2289, inaonya dhidi ya kuufanya mwili na mafanikio ya michezo kuwa mungu wa kutolewa sadaka ya kila kitu.

Basi tujiepushe na hukumu za haraka dhidi ya mwanamichezo anayeng’ara msimu unapoisha, kwa maana jina jema la mtu ni mali yake. Nao makocha, wafadhili na sisi watazamaji, tunaodai ushindi kila wiki, tujiulize ni nani anayemsukuma kijana apande mlima wakati mwili wake umekwisha kukataa. Mahali alipoanguka Simpson pamesimama mnara wa kumbukumbu. Waendesha baiskeli wanaopita hapo huacha chupa za maji na kofia zao, kisha huendelea na safari.