Claude McKay, Mshairi wa Jamaika

Katika bahari ya Karibi kuna kisiwa kiitwacho Jamaika. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Katika kisiwa hicho ndiko alikozaliwa Claude McKay, mtunga mashairi na hadithi, ambaye habari zake nataka kuzieleza hapa kwa ufupi, kwa kuwa zina mafunzo kwetu sisi tulio shuleni.

Claude alizaliwa kiasi cha mwaka 1890 katika milima ya wilaya ya Clarendon. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima mwenye bidii na mshika dini, na mama yake aliitwa Hannah. Walizaa watoto 11, na Claude alikuwa wa mwisho. Alipokuwa angali mdogo alipelekwa kukaa kwa kaka yake mkubwa, Theodore, aliyekuwa mwalimu. Kaka huyo alikuwa na vitabu vingi nyumbani, naye Claude akavisoma kimoja baada ya kimoja. Alipata umri wa miaka kumi hivi alipoanza kutunga mashairi yake mwenyewe.

Basi alipokua alitiwa katika kazi ya ufundi, akajifunza useremala na kuunda magari ya farasi katika mji wa Brown's Town. Mwaka 1907 alikutana na Mwingereza mmoja, Walter Jekyll, mpenda vitabu aliyekusanya nyimbo na hadithi za wenyeji wa Jamaika. Claude akamwonyesha mashairi yake. Karibu yote yalikuwa ya Kiingereza cha shuleni, ila moja lilikuwa katika lugha wanayosema wakulima wa Jamaika. Siku zile lugha hiyo ilidharauliwa sana, na watu waliosoma waliiona kuwa ni ya wajinga. Hata Claude mwenyewe hakudhani kwamba yafaa kuandikwa. Lakini Jekyll alipenda shairi lile kuliko mengine, akamhimiza atunge zaidi kwa lugha ya kwao.

Mwaka 1911 Claude aliingia katika polisi. Kazi ile haikumpendeza, maana ilimpasa kuwakamata maskini wenzake kwa makosa madogo. Hata mwaka haukwisha akaiacha. Mwaka 1912 vikatoka vitabu vyake viwili vya mashairi, Songs of Jamaica na Constab Ballads, vyote katika lugha ya wananchi. Akapewa nishani ya Musgrave, na jina lake likajulikana kisiwani kote.

Mwaka ule ule alisafiri kwenda Marekani ili ajifunze kilimo, akiwa na nia ya kurudi na kuwasaidia wakulima. Alipofika katika nchi za kusini alishangaa kuona jinsi watu weusi walivyotengwa na weupe. Kwao Jamaika ubaguzi ulikuwako, lakini hakuwa ameona ukali wa namna ile. Aliingia katika chuo cha Tuskegee, chuo cha Booker T. Washington, lakini hakupendezwa na amri zake nyingi. Akahamia chuo cha Kansas, akakaa huko miaka miwili hivi. Ndipo moyo ukamwambia kwamba yeye si mtu wa jembe, ni mtu wa kalamu. Mwaka 1914 akaenda New York.

Huko alioa, lakini ndoa haikudumu, na mkewe akarudi Jamaika. Alifungua hoteli ndogo ya chakula, nayo ikamshinda. Ikambidi afanye kazi za mikono, na mwisho akawa mhudumu wa chakula katika treni. Mchana akibeba sahani, na akipata nafasi akiandika.

Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, makundi ya watu weupe yaliwashambulia watu weusi katika miji mingi ya Marekani. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. McKay na wahudumu wenzake, kila treni ilipofika mjini, walitembea pamoja kwa hofu mpaka mahali pa kulala. Katika siku hizo alitunga shairi la mistari 14, liitwalo If We Must Die. Linawaambia wanaoshambuliwa kwamba ikiwa kufa hakuepukiki, basi wafe kwa heshima, wakimkabili adui. Aliwasomea wenzake wa treni, na mmoja wao akatoa machozi. Lilipochapwa katika gazeti la The Liberator lilienea upesi. Tena McKay hakutaja rangi ya mtu yeyote ndani yake. Kwa hiyo kila mtu anayeonewa anaweza kulisoma kama lake.

Baada ya hapo alikaa London mwaka mmoja na zaidi, akarudi New York, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Harlem Shadows. Mwaka huo huo alikwenda Urusi, akahutubia mkutano mkuu wa wakomunisti wa dunia mjini Moscow. Kisha akatangatanga miaka mingi katika Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Moroko. Mara nyingi alikuwa mgonjwa, tena hana fedha. Lakini hakuacha kuandika. Mwaka 1928 hadithi yake Home to Harlem ilinunuliwa na watu wengi mno. Mtaalamu W. E. B. Du Bois aliikemea, akiona kwamba imeonyesha ulevi na mambo ya aibu ya watu weusi. McKay hakukubali, alitaka kuwaandika watu wa kazi kama walivyo, bila kuwapaka rangi. Kitabu cha Banjo, cha mwaka 1929, kilisomwa sana na vijana weusi waliokuwa wakisoma Paris, miongoni mwao Léopold Senghor, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Senegal.

Mwaka 1933, akiwa mbali na kwao, alitoa Banana Bottom. Ni hadithi ya msichana wa Jamaika aliyelelewa na wamisionari na kusomeshwa Uingereza, kisha akarudi kijijini na kuchagua kuishi na watu wake. Jambo hilo McKay mwenyewe hakulipata. Tangu alipoondoka mwaka 1912 hakuiona Jamaika tena. Alirudi Marekani mwaka 1934, akaugua kiharusi mwaka 1943, akaingia dini ya Kikatoliki mwaka 1944, na tarehe 22 Mei 1948 akafa mjini Chicago. Alizikwa New York.

Alikufa maskini, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 2017 na mwaka 2020 zilichapwa hadithi zake mbili ambazo hakuwahi kuziona zikitoka.

Wanafunzi wenzangu, McKay alisafiri kutafuta elimu na uhuru, akalipa kwa kuikosa nchi yake. Lakini lugha ya mama yake ndiyo iliyomfungulia mlango wa kwanza, na kijiji chake ndicho alichokirudia kwa kalamu alipokuwa mtu mzima. Basi tujifunze lugha za wengine kwa bidii, lakini tusione haya kwa ile tuliyoinyonya.