Shackleton: Aliyerudi na Watu Wake

Sisi watu wa pwani, kaburi tunalitazama kwanza upande lilikoelekea. Ndiyo sababu habari za Grytviken zilinishika. Hiyo ni bandari ndogo ndani ya ghuba ya kisiwa cha South Georgia, kusini ya mbali ya bahari ya Atlantiki, ambako wavuvi wa nyangumi kutoka Norway walijenga kituo mwaka 1904. Katika mava yao makaburi yameelekea mashariki, ila moja limeelekezwa kusini, kwenye bara la barafu. Ni la Sir Ernest Shackleton, na leo ningependa kuwasimulia wasomaji habari zake.

Alizaliwa Ireland tarehe 15 Februari 1874. Babake alikuwa daktari na alitamani mwanawe afuate kazi hiyo, lakini kijana akaingia baharini akiwa na miaka 16. Mwaka 1901 alifuatana na Kapteni Scott kwenda nchi ya barafu, akaugua, akarudishwa nyumbani kabla ya wenzake. Nadhani aibu ile haikumtoka maishani.

Akarudi tena na safari yake mwenyewe, na Januari 1909 yeye na wenzake watatu walifika mahali ambapo Ncha ya Kusini ilikuwa imebakia kilomita 180 tu. Hapana mtu aliyewahi kufika karibu hivyo. Lakini chakula kilikuwa kinakwisha. Wangaliweza kufika, kurudi wakiwa hai ndiko kusingaliwezekana. Akageuka. Bwana Amundsen wa Norway ndiye aliyeifikia Ncha hiyo mwaka 1911.

Basi Shackleton akataka kulivuka bara lote kwa miguu. Merikebu yake, Endurance, iling'oa nanga Agosti 1914, siku zile zile Ulaya ilipoingia vitani. Alikaa mwezi mzima Grytviken, na wavuvi wakamwonya kuwa barafu ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Akaenda. Januari 1915 merikebu ikanaswa, ikabanwa miezi mingi hata mbao zikapasuka, na Novemba ikazama. Watu 28 wakabaki juu ya barafu ielayo, na mashua tatu.

Aprili 1916 walifika kisiwa cha Elephant, mahali pasipopita chombo. Hapo Shackleton akachagua watu watano, akaingia nao katika mashua moja, James Caird, isiyofika urefu wa mita saba, kurudi South Georgia kuomba msaada. Seremala Harry McNish alikuwa ameinua mbavu zake na kuifunika kwa turubai. Mafundi wetu hukalafati kwa pamba na mafuta. Yeye alikalafati kwa utambi wa taa, rangi za mchoraji na damu ya sili. Bwana Worsley aliongoza njia kwa kupima jua, nalo alilipata mara chache mno kati ya mawingu. Zaidi ya siku 15 walipigwa na mawimbi ambayo nahodha wetu yeyote, hata aliyezoea kusi kali, angeyaogopa.

Mungu akawajalia wakafika tarehe 10 Mei, lakini upande wa kisiwa usiokaa watu. Wawili walikuwa hoi. Shackleton, Worsley na Crean wakapigilia skrubu katika viatu vyao, wakavuka milima ya theluji isiyowahi kuvukwa, kwa muda wa saa 36 bila kulala. Walipofika kituo cha Stromness, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa vita vilikwisha lini. Wakaambiwa vingali vinaendelea, na watu wanakufa kwa mamilioni.

Alijaribu mara tatu kuwafikia wale 22 waliobaki, na barafu ikamzuia. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, kwa meli ndogo ya Chile iitwayo Yelcho chini ya Luis Pardo, akawakuta wote wazima.

Husemwa hakupoteza mtu. Si kweli. Upande wa pili wa bara, kundi lake lililowekwa kumwandalia akiba ya chakula lilipoteza watu watatu. Tena liko la McNish. Kule barafuni seremala huyo aliwahi kubishana naye, akidai kwamba chombo kikizama mkataba wa baharia umekwisha. Na safari ilipokwisha Shackleton alikataa apewe nishani. Hapa mimi na Sir Ernest hatupatani. Bila mkono wa fundi yule, mashua ile isingefika popote.

Mwaka 1922 alirudi kisiwani kwa safari nyingine. Alitia nanga tarehe 4 Januari, na usiku ule ule wa kuamkia tarehe 5 moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 47, na madeni mengi. Maiti yake ilikuwa imekwisha kusafirishwa hadi Montevideo, ndipo mkewe, Emily, alipoomba irudishwe South Georgia. Sisi tuharakishao maziko tutashangaa, maana alizikwa tarehe 5 Machi.

Vita, alivyoulizia mwaka 1916, vilimfuata hapo. Aprili 1982 Waajentina waliiteka ghuba hiyo, Waingereza wakaitwaa tena mwezi huo huo, na baharia Felix Artuso wa manowari ya Santa Fe, aliyeuawa akiwa mfungwa, amezikwa katika mava yayo hayo. Mwaka 2011 yakaletwa majivu ya Frank Wild, aliyewatunza wale 22, yakawekwa ubavuni mwa mkubwa wake. Endurance yenyewe ilionekana tarehe 5 Machi 2022, kina cha mita 3,000, miaka 100 kamili tangu siku ya maziko.

Uvindaji wa nyangumi uliisha katika miaka ya 1960, na sasa wanyama wamerudi ufukoni kwa wingi, pengwini na sili wakubwa wenye pua kama mkonga. Mava yamezungushiwa ua wa mbao ili sili wasije kulala juu ya makaburi.