Egas Moniz na dawa iliyogoma kutoka mwilini

Mzazi ambaye mtoto wake amepangiwa kipimo cha MRI huja na maswali mengi, na moja hurudi kila mara: ile dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa ina metali ndani yake, je, itatoka? Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Wiki hii ninalijibu kwa maisha ya daktari mmoja wa Ureno, aliyewapa wagonjwa wake metali ambayo haikutoka.

António Caetano de Abreu Freire alizaliwa Novemba 29, 1874 huko Avanca, Ureno. Jina la Egas Moniz, ambalo ni la shujaa wa kale wa nchi hiyo, alipewa na baba yake wa ubatizo, na ndilo lililokuja kujulikana duniani. Alisomea udaktari Coimbra, akahitimu mwaka 1899, na mwaka 1911 akawa profesa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu mjini Lisbon. Siasa nayo ilimchukua miaka mingi. Alikuwa mbunge, akawa balozi nchini Hispania, akawa waziri wa mambo ya nje, na aliongoza ujumbe wa Ureno kwenye mkutano wa amani wa Paris baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alipozishika tena kazi za hospitali kwa nguvu zote, alikuwa anaelekea miaka 50 na mikono yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa jongo.

Wakati huo X-ray ilionyesha vizuri mifupa, lakini ubongo ni laini na hauonekani. Daktari aliyeshuku uvimbe kichwani aliweza kuingiza hewa kwenye nafasi za ndani ya ubongo ndipo apige picha, kipimo chenye maumivu makali na hatari kubwa. Moniz aliwaza tofauti. Kama maji yanayozuia mionzi yangeingizwa kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani, mishipa yote ya ubongo ingejichora kwenye picha. Penye uvimbe, mishipa ingeonekana imesukumwa pembeni, kama kijito kinavyozunguka jiwe.

Alijaribu kwanza kwa maiti na wanyama. Kwa kuwa vidole vyake havikuweza kazi hiyo, sindano ilishikwa na daktari kijana, Pedro Almeida Lima. Dawa ya kwanza kwa wagonjwa ilikuwa chumvi ya metali ya stronshiamu. Mgonjwa mmoja alifariki, na Moniz akaiacha dawa hiyo. Nikisoma historia hii huwa nasimama hapo, kwa sababu mgonjwa wa enzi zile hakuwa na kamati ya maadili ya kumlinda wala fomu ya ridhaa kama tunazozijua sasa. Timu ikahamia kwenye chumvi ya sodiamu na iodini, na Juni 28, 1927 mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana kwenye picha kwa mara ya kwanza. Leo mgonjwa wa kiharusi anapopigwa picha ya mishipa ya kichwa, anafaidi wazo la siku ile.

Lakini chumvi ya iodini iliunguza mshipa na kumuumiza mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Moniz akaipokea dawa mpya kutoka Ujerumani iliyoitwa Thorotrast. Ilikuwa na chembe za metali ya thoriamu, ndogo mno kuonekana kwa macho, zilizotulizwa ndani ya maji kwa aina ya wanga. Haikuuma, na picha zake zilikuwa safi ajabu. Madaktari wa nchi nyingi waliipenda.

Thoriamu hutoa mionzi yenyewe, na hilo lilijulikana. Wapo waliotahadharisha mapema. Hata hivyo, mgonjwa alikwenda nyumbani akiwa mzima, na daktari hakuona madhara yoyote. Kumbe zile chembe zilikuwa zimekamatwa na seli walinzi za ini, bandama na uboho wa mifupa, ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachopita kwenye damu. Zilimeza, lakini hazikuweza kuvunja wala kutoa. Makadirio yanasema mwili ungehitaji miaka 400 hivi kutoa nusu tu ya thoriamu hiyo. Mwaka 1947 iliripotiwa saratani ya ini kwa mtu aliyewahi kuchomwa Thorotrast, kisha taarifa nyingine zikafuata, mara nyingi miaka 20 au 30 baada ya sindano.

Moniz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, lakini si kwa picha. Alipewa kwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili, upasuaji aliouanzisha mwaka 1935 na ambao baadaye uliwaacha watu wengi wakiwa wamepooza hisia na utashi. Kwangu mimi, tuzo ilikwenda kwa kazi isiyostahili. Alifariki Lisbon Desemba 13, 1955. Waliochomwa Thorotrast waliendelea kufuatiliwa na watafiti nchini Ureno, Denmark, Ujerumani na Japani kwa miongo mingi baada yake.

Sasa nirudi kwa mzazi wetu. Dawa ya MRI kwa kawaida hubeba gadoliniamu, metali isiyotoa mionzi. Ikiwa huru ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli inayoibana kama kucha, na figo nzima huitoa karibu yote kwa mkojo ndani ya siku moja. Mabaki kidogo sana yamegunduliwa kwenye mifupa na ubongo. Hadi sasa hayajathibitika kudhuru ubongo, ila ndiyo sababu tunapendelea aina zinazobana metali kwa nguvu zaidi. Mwenye figo zilizoshindwa ana hatari ya kweli: aina za zamani ziliwasababishia baadhi ya wagonjwa hao ngozi kukakamaa.

Watafiti wanajaribu pia kupakia gadoliniamu kwenye vitone vidogo mno vya mafuta, ndugu wa vile vilivyobeba baadhi ya chanjo za Uviko-19. Kitone kimoja hubeba metali nyingi kwa pamoja, hivyo uvimbe mdogo ungeng'aa zaidi. Tatizo ni kwamba vitone hivyo hukamatwa na seli zilezile za ini na bandama zilizokamata thoriamu. Mafuta mwili unaweza kuyayeyusha. Metali iliyobaki baada ya mafuta kuyeyuka itatokaje, na kwa muda gani? Mtengenezaji wa dawa ya namna hiyo lazima alijibu swali hilo kabla haijafika kwa mtoto wako.

Kwa dawa iliyopo sasa, kabla ya sindano mweleze daktari kama mtoto ana shida ya figo au aliwahi kupata mzio wa dawa ya picha. Uliza pia jina la dawa, uliandike kwenye daftari lake la kliniki pamoja na tarehe.