Jon Postel: Mlezi wa majina ya intaneti

KILA siku mamilioni ya watu huandika anwani zinazoishia na .com, .org, .tz au .ke bila kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba majina hayo yapangwe hivyo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Mmarekani mpole mwenye ndevu ndefu, aliyezoea kwenda kazini akiwa amevaa makubazi.

Huyo ni Jonathan Bruce Postel, aliyefahamika zaidi kwa jina la Jon. Alizaliwa Agosti 6, 1943 huko Altadena, katika jimbo la California. Alisoma sekondari ya Van Nuys mjini Los Angeles, shule waliyosoma pia Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walikuwa wenzake katika kuijenga intaneti.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akapata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya uzamili mwaka 1968 na ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa UCLA waliofanya kazi katika mradi wa ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Oktoba 1969, kompyuta ya chuo hicho ilituma ujumbe wa kwanza kwenda katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford.

Mwaka huohuo Crocker alianzisha mfululizo wa nyaraka za kiufundi zinazojulikana kama RFC. Postel akawa mhariri wake, kazi aliyoishikilia hadi kifo chake.

Mei 1972 alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba zinazotumiwa na programu za mtandao ili zisigongane, akajitaja mwenyewe kuwa tayari kuibeba kazi hiyo. Jukumu hilo dogo ndilo lililokua na kuitwa Mamlaka ya Ugawaji wa Namba za Intaneti, yaani IANA.

Mwaka 1977 alihamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Hapo alihariri nyaraka za mwaka 1981 zinazoeleza itifaki za TCP na IP, na mwaka 1982 akaandika utaratibu wa kutuma barua pepe.

Wakati huo majina ya kompyuta zote yaliwekwa katika orodha moja iliyotunzwa Stanford. Mtandao ulipokua, orodha hiyo ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyefanya kazi katika taasisi moja na Postel, alibuni mfumo wa vikoa, ambamo jina husomwa kwa ngazi na herufi za mwisho huonyesha kundi lake.

Oktoba 1984, Postel na mwenzake Joyce Reynolds walitoa waraka uliotaja makundi hayo. La kwanza ni la jumla: .com kwa biashara, .edu kwa elimu, .gov kwa serikali ya Marekani, .mil kwa jeshi lake na .org kwa mashirika mengine. La pili ni la nchi, kwa herufi mbili. Ilikuwapo pia .arpa, iliyokusudiwa kuwa ya muda tu, lakini imebaki hadi leo kwa shughuli za ndani za mtandao, kama kutafuta jina kwa kutumia namba.

Kundi la nchi ndilo lililokuwa na hatari, kwa kuwa mgawa majina angeweza kujikuta akiamua ni eneo lipi ni nchi na lipi si nchi. Postel aliukwepa mtego huo. Katika waraka wa mwaka 1994 alieleza kuwa hilo halikuwa jukumu la IANA, na kwamba ingefuatwa orodha ya ISO 3166, ambayo haitungwi na watu wa intaneti. Aidha, alisisitiza kuwa anayekabidhiwa jina la nchi ni mdhamini, si mmiliki.

Ni katika kipindi chake Kenya ilipokabidhiwa .ke mwaka 1993 na Tanzania .tz mwaka 1995.

Hata hivyo, mamlaka yake yalitegemea kuaminiwa zaidi kuliko sheria. Januari 28, 1998, wakati Serikali ya Marekani ikiandaa mpango wake wa usimamizi wa majina, Postel aliwaomba waendeshaji wa seva kuu za majina wachukue orodha kutoka kwake badala ya kampuni ya Network Solutions iliyokuwa na mkataba na serikali. Waendeshaji wanane walikubali.

Serikali ilikuja juu, naye akarudisha mambo yalivyokuwa baada ya siku chache, akieleza kuwa lilikuwa jaribio tu. Lakini ilikwishadhihirika kuwa ombi la mtu mmoja liliweza kuhamisha usukani wa intaneti.

Septemba 30 mwaka huo lilisajiliwa shirika la ICANN kuchukua majukumu hayo. Postel hakuwahi kuliona likifanya kazi. Alifariki dunia Oktoba 16, 1998 mjini Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuatia upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 55.

Mpangilio wake uliendelea kufuatwa. Palestina ilipata .ps mwaka 2000, baada ya kuingizwa katika orodha ya ISO mwaka 1999.

Juni 1999 ulitolewa waraka uliotenga .test, .example, .invalid na .localhost ili yasiuzwe kwa yeyote. Majina example.com, example.net na example.org yalikuwa tayari yamehifadhiwa na IANA. Lengo ni kwamba mwandishi wa kitabu au fundi anayejaribu programu asitumie jina la mtu halisi, ambaye angeweza kufurika barua zisizomhusu.

Mwaka 2013 kukaanzishwa daftari rasmi la majina ya matumizi maalumu, yale ambayo programu huyashughulikia tofauti na mengine. Humo imo .local, ya vifaa vilivyo katika mtandao mmoja wa nyumbani au ofisini, na tangu mwaka 2015 .onion, ya mtandao wa siri wa Tor. Mwaka 2024 ICANN nayo ilitenga .internal kwa mitandao ya ndani ya taasisi.

Oktoba 1, 2016, Serikali ya Marekani iliachia usimamizi wake juu ya kazi za IANA. Daftari alilolianza mwanafunzi mmoja likawa mikononi mwa jumuiya ya watumiaji wa dunia nzima, miaka 18 baada ya mtunzaji wake kuzikwa.