Daktari aliyeponea kukatwa mguu, akawafaa waliopooza

Mgongo ukikuuma miezi mitatu hapa Machakos, utaambiwa ni mzigo uliobeba, ni viti vya matatu, ama kuna mtu amekuroga. TB? Zii, kwani umekohoa? Lakini daktari akiona kwenye eksirei kwamba pingili za uti wa mgongo zimelika, jina linalomjia ni la Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1788: Percivall Pott.

Pott alizaliwa London mnamo Januari 1714. Babake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka wa 1729 akaanza kujifunza upasuaji chini ya Edward Nourse wa hospitali ya St Bartholomew's, na baadaye akawa daktari mkuu wa upasuaji papo hapo.

Akiwa na miaka 40 na kitu, farasi alimwangusha kwenye barabara ya Old Kent. Mfupa wa mguu ukavunjika na kuchomoza nje ya ngozi. Wengi wangepiga mayowe waondolewe haraka. Pott alikataa kuguswa. Alilala pale chini kwenye baridi, akaagiza watu waje na miti, akanunua mlango, miti ikapigiliwa misumari juu yake, akabebwa hivyo hadi nyumbani. Madaktari walikuwa washaamua kuukata mguu, na siku hizo hakukuwa na ganzi. Nourse akatokea wakiwa wanajitayarisha, akasema ujaribiwe kuokolewa. Mguu ukapona. Ni akiwa kitandani ndipo alipoanza kuandika vitabu.

Mwaka wa 1775 alionyesha kwamba masizi ndiyo yaliyokuwa yakiwaletea saratani wasafishaji wa mabomba ya moshi, kazi iliyofanywa na watoto. Hilo peke yake lingetosha kumpa jina.

Miaka minne baadaye akaandika kuhusu watu wenye nundu mgongoni ambao miguu yao ilikuwa imekataa kutembea. Wengi walidhani ni kuanguka au kupigwa. Pott alisema la: mfupa huoza kwanza, kisha mgongo hupinda, na miguu hupooza. Kutoka mji wa Worcester alikuwa amesikia kwamba mgonjwa wa aina hii anaweza kupata nafuu jipu likimtoka mgongoni. Basi akawa anafungua vidonda kando ya nundu ili usaha utoke. Tiba ya uchungu kweli, lakini baadhi ya wagonjwa wake walisimama tena.

Hakuwahi kujua ni mdudu gani. Robert Koch alitangaza bakteria ya TB mwaka wa 1882, Pott akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 90. Sasa tunajua bakteria hiyo husafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye mifupa, figo, ubongo, hata macho. Mgonjwa anaweza kukosa kikohozi kabisa, akawa tu na maumivu yasiyoisha, jasho la usiku na nguo zinazozidi kumpwaya. Miguu ikianza kufa ganzi, hizo si siku za kungoja.

Siku hizi hakuna wa kukuchoma kidonda mgongoni. Ni tembe, karibu mwaka mzima zikiwa ni za mifupa, na kwenye hospitali za umma Kenya dawa za TB hazilipiwi.

Pott mwenyewe alifariki Desemba 1788 akiwa na miaka 74, baada ya kushikwa na baridi akienda kumtazama mgonjwa.