Malcolm X: Kijana Aliyeambiwa Uanasheria Haumfai

Katika maadhimisho haya ya Uhuru tunamkumbuka mtu ambaye watoto wetu wanamsoma shuleni huku Marekani, ingawa wachache wanajua kuwa aliwahi kufika kwetu.

Malcolm Little alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 19 Mei 1925. Baba yake, Earl, alikuwa mhubiri. Mama yake, Louise, alikuwa mhamiaji kama sisi, kutoka kisiwa cha Grenada. Wote wawili walimfuata Marcus Garvey, aliyewahimiza watu weusi wajitegemee na kujivunia asili yao ya Afrika. Walipohamia Lansing, Michigan, Louise aliwasomesha watoto nyumbani gazeti la Garvey, wakilisoma kwa sauti.

Taabu zilianza mapema. Mwaka 1929 nyumba yao iliteketea kwa moto. Mwaka 1931 Earl aligongwa na tramu akafa. Ilisemwa ni ajali, lakini familia iliamini ameuawa na wabaguzi. Louise alibaki na watoto saba katika miaka ya njaa. Mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Watoto wakatawanywa.

Shuleni Malcolm alifanya vizuri, hata wenzake Wazungu wakamchagua kiongozi wa darasa. Lakini alipomwambia mwalimu kwamba angependa kuwa mwanasheria, alijibiwa kuwa kazi hiyo si ya mtu mweusi, afadhali awe seremala. Tangu hapo shule ilimtoka moyoni. Mwaka 1941 alikwenda Boston kwa dada yake Ella, baadaye Harlem, akaingia katika kamari, dawa za kulevya na wizi. Mwaka 1946, akiwa na miaka 20, alifungwa.

Gerezani alirudia kile alichofundishwa na mama yake: kusoma. Alinakili kamusi ukurasa kwa ukurasa, akasoma usiku kwa mwanga hafifu wa nje ya chumba chake, akashiriki midahalo ya wafungwa. Alipotoka mwaka 1952 alikuwa Mwislamu na msemaji hodari, akapigania haki za watu weusi hadi alipouawa New York tarehe 21 Februari 1965.

Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Desemba mwaka huohuo waziri wetu, Abdulrahman Babu, alihutubia mkutano wake Harlem.

Binti yake, Ilyasah Shabazz, akishirikiana na Kekla Magoon, ameandika riwaya ya vijana kuhusu miaka hiyo ya ujana. Inaitwa X, nayo ilitoka mwaka 2015. Wazazi, tuisome pamoja na watoto wetu. Tuwaulize jioni wameambiwa nini shuleni kuhusu kazi wanazoziota. Na kama alivyofanya Louise, tuwaambie sisi wenyewe, kwa Kiswahili chetu, wametoka wapi, kabla hawajaambiwa na wengine.